Nimekuacha, Nenda

Jumatatu, 2 Septemba

Kliniki ya watoto. Mizani imegoma tena, mshale haurudi kwenye sifuri. Nimeipiga kofi, ikakubali. Watoto wamelia kwa zamu, halafu wote kwa pamoja. Mama mmoja kasahau kadi, mwingine kasahau mtoto wa pili nje kwenye benchi.

Mchana nimefagia chumba cha upasuaji. Sijui kwa nini ninakifagia. Taa ipo. Meza ipo, bado imevaa nailoni yake. Daktari wa kupasua tunaye. Mtu wa usingizi hatuna, na huwezi kumpasua mtu hujamlaza, si mbuzi yule. Kwa hiyo mlango unafungwa, ufunguo unakaa mfukoni mwangu, nami nafagia.

Toka Ijumaa nina siri. Chuo cha Mwanza kimenijibu. Kozi ya usingizi na ganzi, miaka miwili. Nimepata nafasi. Ujumbe nimeusoma chooni, nikajiziba mdomo kwa kanga nisipige kigelegele. Mwajiri keshanipa ruhusa ya masomo, na muhuri juu. Imebaki ruhusa moja isiyo na muhuri.

Mume wangu Salumu anajua kwamba niliomba. Kwamba nimepata, hajui. Nitamwambia kesho.

Jumatano, 4 Septemba

Nimemwambia leo, si jana. Jana alirudi kutoka Kiwangwa na mananasi yake nusu hayajanunuliwa. Sikuona pa kuanzia. Leo alikuwa anakula muhogo wa nazi, ana amani. Nikasema, mume wangu, Mwanza wamenikubali. Akatafuna. Akameza. Akasema, "Tutaona."

Naichukia tutaona. Si ndiyo, si hapana. Ni mlango uliorudishwa tu. Kubisha huwezi, kuingia huwezi.

Nikamweleza vizuri. Nafasi inatakiwa kuthibitishwa mwisho tarehe 21 mwezi huu, la sivyo anapewa mwingine. Chuo kinafunguliwa mwanzoni mwa Oktoba. Mtoto wetu Rahma atabaki naye, shule yake iko hapa, darasa la pili hata shangazi yake anaweza kumsaidia hesabu. Likizo nitakuja. Akasema tena tutaona.

Nimeosha vyombo kwa kelele.

Ijumaa, 6 Septemba

Wifi yangu Mwantumu kaja. Ni dada mkubwa wa Salumu. Nyumba yake inatazamana na yetu, hapitwi na jambo. Kumbe kaka yake keshamwambia. Kakaa kwenye mkeka akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Usingizi nao unasomewa? Mbona sisi tunalala bure?"

Jioni mtaa mzima umejua. Muuza samaki ananiita Mama Usingizi. Mwalimu wa Rahma kaniuliza kama huko mitihani inafanywa macho yamefumbwa. Nimecheka nao. Ndani nawaka.

Nilimweleza Mwantumu kwa upole. Kwamba kulaza si kazi, kazi ni kumwamsha. Kwamba wakati wote wanapompasua, kuna mtu mmoja kakaa kichwani pake anamlindia pumzi, na kwetu mtu huyo hatuna. Akaitikia kwa kichwa. Nikadhani limeingia. Akasema, "Na mumeo atalazwa na nani?"

Loh! Ulimi ule hauna mfupa wala breki.

Jumanne, 10 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi kaletwa mke wa Hamisi. Hamisi ndiye mwenye guta linalombebea Salumu mananasi yake sokoni. Wametoka upande wa Mkange, uchungu toka jana. Mtoto kakaa mkingamo, mkono umetangulia. Nimeugusa ule mkono. Ukanishika kidole.

Daktari kanitazama. Nami nikamtazama. Sote wawili tukautazama mlango wa chumba cha upasuaji. Ufunguo mfukoni mwangu.

Gari la wagonjwa, mbio Bagamoyo. Nimepanda naye. Vumbi na mashimo. Njia nzima namwambia tumekaribia, tumekaribia. Uongo mtupu. Alijua ni uongo na akanishukuru.

Mama mzima, alhamdulillah. Mtoto hakulia.

Wa kiume. Salumu alikwenda kuzika. Ndiye aliyechimba, maana Hamisi mikono ilikuwa haimtii. Karudi na udongo kwenye kandambili. Nimemwekea maji ya kuoga.

Jumatano, 11 Septemba

Limetoka neno. Niliandike lilivyotoka, kabla watu hawajaligeuza.

Ilikuwa alasiri, barazani. Mimi na Mwantumu tunachambua kunde. Salumu katoka shamba, kakaa kwenye kizingiti anavua viatu. Nikamwambia nataka jibu, leo. Akasema tutaona. Hapo nikapanda mori. Nikasema yote. Nikasema mtoto uliyemzika jana aliufikia mlango wa chumba kile, na mlango ulikuwa umefungwa. Nikasema miaka yote nafagia chumba kisicho na kazi. Nilikuwa nalia sasa. Nikasema, "Salumu, niache niende!"

Naye akatupa kiatu uani. "Haya! Nimekuacha! Nenda!"

 Mwantumu kaangusha ungo, kunde zote chini.

"Mtume! Kaka, umemwacha mkeo."

Salumu akageuka. Rangi imemtoka. Akasema, nimesema aende kusoma. Mwantumu akasema, umesema nimekuacha, nimesikia kwa masikio yangu haya.

Nami nimesikia.

Alhamisi, 12 Septemba

Salumu kalala kwa kaka yake. Ni Mwantumu aliyesema hivyo: msikae nyumba moja mpaka shehe aseme. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyebishana naye. Shehe yuko Bagamoyo, na wiki hii yote ana shughuli za Maulidi. Katuambia tusubiri Jumatano ijayo.

Usingizi sikupata. Mama Usingizi kakosa usingizi. Wakijua watacheka tena.

Na neno lenyewe la ovyo! Mtu anaomba njia, niache nipite. Mtoto anachezea maji, acha. Umesahau mwavuli, umeuacha. Mume akimwambia mke, ndoa imekwisha. Kazini leo nimelisikia kila kona. Acha kulia. Acha nikuchome kidogo tu. Nimeacha kadi nyumbani. Kila likitajwa nashtuka, mpaka daktari kaniuliza kama naumwa.

Niseme ukweli hapa, maana hapa hakuna wifi. Aliposema nenda, nilifurahi. Kabla ya hofu, kabla ya aibu, nilifurahi. Nikawaza: basi, hakuna tena wa kuombwa ruhusa. Ilikuwa kitambo kidogo tu, lakini ilikuwa. Astaghfirullah. Huyu ni baba wa Rahma. Ni mtu mwema, hajawahi kuniinulia mkono. Nampenda. Na nilifurahi.

Ijumaa, 13 Septemba

Mama kapiga simu, kasema njoo nyumbani. Nimeomba likizo kazini, nimekuja Kaole. Rahma nimemwacha kwa shangazi yake. Ona, neno lile tena.

Mama hakuulizi jambo hujala. Nimekula wali na kisamvu, amenitazama tonge kwa tonge. Nilipomaliza kunawa ndipo akauliza, kakuacha au hajakuacha? Nikasema sijui.

"Kama kakuacha, uko edani. Na mwenye eda hasafiri, mwanangu. Twahara tatu. Hiyo ni mpaka Desemba."

Nimeduwaa. Mimi ni muuguzi, mizunguko ya wanawake ndiyo kazi yangu, na hilo sikuliwaza hata kidogo. Chuo ni Oktoba. Neno lililonifungua ndilo lililonifunga. Kama ni talaka, Mwanza nimeikosa. Kama si talaka, nimerudi kwenye tutaona.

Nimeanza kucheka, sikuweza kusimama. Mama hakucheka. Kasema kwa sheria ningekalia eda kwa mume, lakini na wifi yule mlangoni nitaikalia hapa.

Jumatatu, 16 Septemba

Maulidi. Nimekwenda mjini na mama. Ubani, marashi, masufuria ya pilau. Nimekaa upande wa wanawake, na habari imefika kabla yangu. Mmoja kanipa pole. Mmoja kanipa hongera. Sijui ya chuo, sijui ya talaka, nimesema ahsante. Wa tatu kanong'ona kama ni kweli nimeachwa kwa sababu ya kulala sana.

Jamani.

Tuliposimama kusoma kiyamu nimeomba dua, na katikati nikagundua sijui naomba nini. Nirudi? Niende? Vyote viwili ni vyangu na vyote viwili vinapingana. Mwisho nimeomba mguu utulie. Mguu wangu wa kulia siku hizi unatikisika wenyewe nikikaa. Mama kaupiga kofi hadharani.

Jumatano, 18 Septemba

Kwa shehe. Mtu mfupi, miwani mizito, kikombe cha kahawa, haraka hana. Mimi na mama. Salumu na kaka yake. Mwantumu kaja bila kuitwa. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri. Salumu kakonda. Kavaa kanzu ya Idi na haijapigwa pasi. Nimetamani kuipiga pasi. Nimejikasirikia kwa kutamani.

Shehe kamuuliza Mwantumu alichosikia. Kamuuliza Salumu. Kisha mimi. Hapo nikaona kwamba jambo zima liko kinywani mwangu. Ningegeuza neno moja tu, "nimekuacha uende," na ndoa ingekuwa salama. Nimeapishwa. Nimesema kama nilivyoandika humu. Mimi nilisema niache niende. Yeye akasema nimekuacha, nenda.

Shehe kaweka kikombe chini. Akatutazama mmoja mmoja.

"Kiswahili chote hiki," akasema, "hamkupata neno jingine la kuombeana ruhusa?"

Mama kaficha kicheko kwenye kanga. Hata Mwantumu.

Halafu kamgeukia Salumu, na sauti yake imebadilika. Moyoni mwako ulikusudia nini? Nilijua jibu. Nilishalisikia kichwani wiki nzima. Ruhusa, shehe, ruhusa tu.

Salumu kavuta upindo wa kanzu. Kauvuta mpaka kaka yake akamgusa goti. Akasema, "Sijui, shehe. Vyote viwili."

Imeniuma. Imeniuma kuliko siku ya kiatu. Lakini mimi niliyefurahi nina mdomo gani?

Shehe kasema neno hili kwa lugha yetu liko wazi, na msemaji mwenyewe hawezi kuapa kwamba alikusudia ruhusa tu, basi kwa tahadhari tuihesabu talaka moja. Moja ina njia ya kurudi. Akitaka kumrejea mkewe ni kutamka tu, ndoa mpya haihitajiki, na eda inakatika hapo hapo. Hata sasa hivi, mashahidi hawa hapa.

Wote tumemtazama Salumu.

Akaomba muda akafikiri.

Alhamisi, 19 Septemba

Akafikiri! Mananasi anayafikiria hivyo? Nimefua nguo zote, na zilizo safi nimezifua. Mguu kutwa.

Jumamosi, 21 Septemba

Leo ndiyo mwisho wa kuthibitisha. Salumu hajapiga simu.

Nimelipanga kila upande. Asiponirejea, niko edani, siendi. Akinirejea, mimi ni mkewe, na anaweza kusema hapana. Au tutaona. Kila njia kasimama yeye. Nikamuuliza mama nifanyeje. Alikuwa anakuna nazi. Kasema usinitwishe mzigo wako, mimi nina nazi.

Nimekwenda kukaa nyuma ya nyumba na simu. Nikaukumbuka ule mkono. Ulikuwa na joto. Ulinishika kidole barabara, kama mtu anayetaka kuvutwa. Nikabonyeza. Mtandao ukazunguka, ukazunguka, nikausonya, ukakubali. Umethibitisha.

Naogopa. Lakini naandika hapa nisije nikajikana: nakwenda. Mwaka huu wakinipokea, mwakani wakikataa. Na mume au bila mume. Bila mume nitalia sana, na nitakwenda.

Nimempelekea Salumu ujumbe. Nimethibitisha. Nakwambia mwenyewe, usisikie kwa dada yako.

Hajajibu. Mguu umetulia. Mama ndiye aliyegundua.

Jumanne, 24 Septemba

Kaja. Bila simu, bila taarifa. Nasikia mlio wa guta nje, natoka, namwona Salumu kakaa nyuma juu ya mananasi pamoja na kaka yake, na Hamisi anaendesha. Mama kakimbilia jikoni kubandika chai.

Kaomba tuzungumze pembeni kwanza. Kasema ujumbe wangu ulimkasirisha, alitaka kuja kunigombeza. Jana kapakia mananasi na Hamisi. Habari yetu Hamisi anaijua, nani asiyeijua. Njiani akamuuliza, shemeji anaondoka lini? Salumu akasema mambo bado. Hamisi akasimamisha guta katikati ya barabara. Akamwambia, mwenzangu, wewe ndiye uliyechimba.

 Wamefika Kiwangwa kimya.

Salumu alikuwa analia akinieleza. Sijawahi kumwona akilia, hata msiba wa baba yake. Kasema Mwanza ni mbali, aliogopa nikishakuwa mtu wa mjini sitarudi kwa mkulima wa mananasi. Ndiyo maana ya tutaona. Alipotamka neno lile, nusu yake ilitaka kuniacha yeye kwanza kabla sijamwacha mimi. Nami nikamwambia langu. Kwamba nilifurahi. Nilidhani atainuka aondoke. "Basi tuko sawa," akasema.

Tukarudi mbele ya watu. Kasimama. Kanzu safari hii imepigwa pasi, na najua ni mkono wa Mwantumu, mstari haujanyooka. Katamka: "Nimekurejea." Kaka yake na Hamisi wakasema tumesikia.

Imebaki ruhusa. Hapo ndipo pa kuangalia. Namwona anageuza maneno mdomoni, anaogopa kuuma jiwe. "Nimeku..." Kaka yake kakohoa kwa nguvu. "Nimekuruhusu. Kwenda. Mwanza. Kusoma." Kafuta jasho. "Na kurudi."

"Amina!" Mama, kutoka jikoni.

Kanirejea ili niondoke. Nimekaa nacheka peke yangu na sijui kama ni kicheko.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimerudi nyumbani, nafunga mizigo. Ufunguo wa chumba cha upasuaji nimeukabidhi kazini. Nimewaomba wafagie. Wameahidi, nami siwaamini.

Mwantumu kaleta korosho alizokaanga mwenyewe. Kasema Rahma atakula kwake, atalala kwake, na atasuka nywele kwake, mimi nisome. Alipofika mlangoni kageuka. "Ukajifunze kutuamsha vizuri lakini. Kulala tunajua." Nimemkumbatia. Kanisukuma, kasema namkunjia baibui.

Rahma kauliza usingizi ukishaisha kusomwa nitarudi? Nimesema ndiyo. Kauliza na ukiwa bado haujaisha? Nimesema likizo. Karidhika, kaenda kucheza. Mimi ndiye niliyekwenda kulia kwenye choo kile kile nilichosomea ujumbe wa Mwanza.

Jumapili, 6 Oktoba

Mwanza. Mawe makubwa kila mahali, na nyumba juu ya mawe. Nimekwenda kuliangalia ziwa. Nimechovya kidole nikaonja. Maji baridi, matamu. Nilitazama pembeni nisionwe.

Chumba tunakaa wawili. Mwenzangu kalala. Kesho darasa la kwanza.

Salumu kapiga baada ya alasiri. Rahma alishikwa na mafua, kapona. Mwantumu anamwita mwenye duka amsomee ujumbe wangu kwa sauti ili watu wasikie. Mke wa Hamisi ameanza kutoka nje, ananisalimia. Mvua bado. Nikamwambia habari ya maji matamu, akasema Mwanza waongo.

Maneno yakaisha. Akasema, kama asemavyo kila mtu akitaka kukata simu, "Haya mama Rahma, ngoja niku..."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Nilisikia kuku wetu nyuma yake, na sauti ya Mwantumu akifukuza mtu.

Hakulimaliza neno. Simu hakukata. Nami sikukata. Tumekaa hivyo mpaka salio lake likaisha.